Nilimwambia Azime Gari

Bi. Nasra mpendwa,

Shikamoo. Naandika mchana, mlango wa gereji nimeufunga kwa ndani, watu wanadhani nimekwenda kuswali adhuhuri, na naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, kwa sababu Jumamosi mwenye gari anakuja kuchukua gari lake na mimi sijui nitamtazama kwa jicho gani. Majina ya watu nimeyabadilisha, langu silitaji kabisa, lakini yaliyotokea sijapunguza wala sijaongeza.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, fundi umeme wa magari hapa Kibiti. Nilisomea ufundi chuoni miaka miwili, nikafanya kazi gereji moja Temeke miaka mitano, nikarudi nyumbani kumuuguza mama, na mama alipofariki sikuondoka tena. Nilipofungua gereji yangu wanaume walikuwa wanasimama mlangoni kunitazama kama wako sinema, mmoja akasema, "Leo tutamwona dada akikaanga betri," wenzake wakacheka, na mimi siku ileile nikaapa kwamba neno "sijui" halitatoka kinywani mwangu mbele ya mteja. Kiapo hicho Bi. Nasra nilikiona ushujaa, na kwa kweli kilinijengea jina, wakaja wenye malori, wakaja wenye bajaji, watu wa Nyamwage na Ikwiriri wakawa wanazipita gereji za wanaume wanakuja kwangu, na kina mama wakawa wananiletea binti zao wanione tu jinsi ninavyoshika bisibisi.

Mwezi wa pili mwaka huu akaja mtu nitakayemwita Mwinyimvua. Ni dereva wa gari la kukodi, kwao Mkongo, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mpole, ukimwamkia anasimama kabisa ndipo aitikie. Alikuwa amenunua gari la haibridi, yale yanayokwenda kwa mafuta na kwa umeme pamoja, yenye betri kubwa upande wa nyuma mbali na ile betri ndogo ya kawaida. Kule kwao gari lake ndilo lililokuwa la wagonjwa, maana yeye akiitwa anakuja kwanza, mengine yatazungumzwa baadaye. Akasema anataka spotilaiti mbili za mbele, kwa sababu njia ya kwenda Mloka nguruwe na tembo wanavuka wanavyotaka wao, na anataka inveta, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ili abiria wachaji simu.

"Haya ya haibridi unayaweza, dada fundi?" akaniuliza. "Mjini waliniambia si kila mtu anayagusa."

"Gari ni gari, kaka," nikamjibu.

Sikuwa nimewahi kufunga kitu kwenye haibridi hata siku moja. Nilichojua ni kimoja tu, nilikisikia Temeke, kwamba zile nyaya nene za rangi ya chungwa hazishikwi, zina umeme wa kuua, basi nikaona nisipozishika yamekwisha. Spotilaiti nilizifunga vizuri, umeme nikautoa kwenye betri ndogo, fyuzi nikaweka. Ilipofika zamu ya inveta nikaamua kuikaza sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, nikanyanyua kapeti, nikatoboa matundu manne kwa drili, nikachukua skrubu ndefu kwa sababu fupi zilikuwa zimeniishia na sikutaka mteja aone fundi mzima anakimbilia dukani. Sikuinama kutazama chini ya gari kunapita nini. Skrubu tatu ziliingia laini. Ya nne ilipofika mwisho niliisikia mkononi, iligusa kitu kisicho bati, kitu kama mpira mgumu, nikasita, nikamtazama Mwinyimvua, alikuwa amekaa kibarazani na kikombe cha chai ananitabasamia, nikaikaza.

Siku ya nne akarudi, taa ya pembetatu inawaka kwenye dashibodi. Nikachomeka mashine ya kupimia, ikaniandikia kwamba umeme wa betri kubwa unavuja kwenye bodi ya gari. Nilisoma, nikaelewa, nikafuta. "Ni sensa tu, kaka," nikamwambia, "haya magari yana maringo." Akacheka, akaondoka. Masika yalipoanza ikawaka tena, akaja tena, nikafuta tena. Kila nilipoliona lile gari linapita barabarani nilikuwa naacha kazi nalitazama, halafu najiambia, mbona linapita.

Alhamisi moja, alasiri, mvua inanyesha, akanipigia simu.

"Fundi, ile taa imerudi."

"Gari linakwenda?"

"Linakwenda, halina neno. Nimetoka Mkongo muda si mrefu, naelekea Ikwiriri. Nimembeba Sihaba, mke wa Khamisi, uchungu umemshika tangu alfajiri na mkunga amesema tuwahi hospitali."

"Simama pembeni. Zima kabisa, hesabu mpaka ishirini, washa tena. Itafutika."

Nyuma yake nilimsikia mwanamke anaugulia uchungu.

"Nizime na mgonjwa ndani, dada?"

"Kaka Mwinyimvua, fundi ni mimi au ni wewe?"

"Ni wewe," akasema. Akazima.

Bi. Nasra, gari halikuwaka tena. Alinipigia baada ya dakika tano, akanipigia baada ya kumi, sauti inapanda, "Fundi, haliwaki, fundi, limeandika maneno mekundu, nifanyeje," na mimi namwambia jaribu hivi, jaribu vile, na gari la namna ile hata kulisukuma hakusaidii. Nikafunga mashine mgongoni, nikapanda bodaboda kutoka Kibiti, mvua yote ikaniishia mwilini, na njia nzima nilikuwa nasema Yarabi liwake, Yarabi liwake. Nilipofika nikamkuta Mwinyimvua peke yake amesimama kando ya gari, milango yote iko wazi, kiti cha nyuma kimelowa damu na maji ya mvua. Walikuwa wamekaa pale zaidi ya masaa mawili. Pikipiki mbili zilipita lakini Sihaba alikuwa hawezi kukaa. Mwishowe lilipita lori la mbao, wakamlaza mbele, mama yake mzazi akiwa amemshika kichwa. Nilichomeka mashine, kosa likakataa kufutika.

Sihaba alipona. Mtoto alitolewa amekwisha kufa. Wa kike. Miaka tisa ya ndoa, mimba tatu zilizoharibika, hii ndiyo ya kwanza kufika mwezi wa tisa.

Nilikwenda msibani Mkongo. Niliona nisipokwenda itajulikana, na nilipofika nikaona afadhali ningekufa njiani, kwa sababu mama yake Sihaba, Bi. Mwanamina, alinivuta nikae naye mkekani, akanishika mkono mbele ya wanawake wote akasema, "Huyu ndiye fundi aliyekuja na mvua ile yote kutusaidia. Mwenyezi Mungu akulipe, mwanangu." Wanawake wakaitikia amina. Mimi nikaitikia amina, Bi. Nasra. Na upande wa wanaume nikamsikia Khamisi anasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, "Mwinyimvua, gari lako hilo usinipakilie hata kuku," na Mwinyimvua hakujitetea hata kidogo, alisema tu, "Ni kosa langu, ndugu yangu. Niliona taa nikabeba mtu."

Tangu siku hiyo Mkongo hakuna anayepanda gari lake. Hata salamu wengine hawamwitikii. Alilivuta gari mpaka kwangu nyuma ya lori, akaniambia, "Dada, wewe ndiye uliyepokea simu yangu siku ile. Lipime, ulitengeneze, nilirudishe kazini hata kama nitabeba magunia. Nikikaa nyumbani namwona yule mtoto." Hajawahi kuniuliza kwa nini nilimwambia azime. Nadhani wazo hilo halijamjia.

Baada ya kuondoka ndipo nikafanya nilichotakiwa kufanya mwezi wa pili. Niliingia chini ya gari na kurunzi. Ncha ya skrubu yangu ya nne imetokeza, imetoboa kifuniko cha plastiki, imechuna waya wa chungwa, na pale palipochunwa pameota ukijani kwa maji. Kisha nikasoma kwenye simu, nikatafuta mpaka nikapata, kwamba magari mengi ya aina hii yakigundua umeme unavuja yanawasha taa lakini yanaendelea kukupeleka, ila ukishayazima hayakubali kuwaka tena. Yaani lingefika. Ningemwambia tu nenda kaka, usisimame, lingefika.

Sili. Dada yangu Zuena yuko Ikwiriri, akinipigia namwambia nina malaria. Kuna siku nilikaa chini ya lile gari nikautazama ule waya kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, kisha jirani akaita nikatoka.

Jumamosi Mwinyimvua anakuja. Naweza kuichomoa ile skrubu, nikazungushia tepu, nikafuta taa, nikamkabidhi gari lake, na hakuna binadamu atakayejua mpaka siku ya kiyama. Naweza kusema gari limekufa auze vyuma chakavu. Au niseme kweli, na nikisema kweli ndugu zake Khamisi watanivamia, au nitafungwa, na binti yeyote Kibiti atakayetaka kushika bisibisi ataambiwa, unamkumbuka yule? Naomba uniambie nifanye nini, kwa sababu mimi mwenyewe akili imesimama. Namba yangu iko nyuma ya bahasha.

Fundi, Kibiti

*

Fundi, marahaba mwanangu.

Barua yako niliipata Jumatano. Nilikupigia mara tatu hukupokea, nikakutumia ujumbe kwamba gari lisiwashwe, lisiguswe, na wewe usikae peke yako. Ukajibu "Sawa." Nalishukuru neno hilo, lakini moja halitoshi, na gazeti hili linatoka Ijumaa. Una siku moja.

Naanza na ile siku uliyokaa chini ya gari ukautazama waya. Uliiandika haraka haraka katikati ya mambo mengine, ukadhani nitaipita. Sikuipita. Mpigie Zuena sasa hivi, mwambie huna malaria, mwambie yote uliyoniambia mimi, na umwombe aje alale kwako wiki hii. Akishafika mwende wote wawili hospitali, ukamwambie daktari kwamba huli, na kwamba umewahi kufikiri kujidhuru. Daktari hatakushangaa. Na ufunguo wa gereji akae nao Zuena. Mengine yote niliyoyaandika hapa yanangoja hilo, maana mtu aliyekufa hawezi kurekebisha kitu, na Sihaba hakukuomba roho yako.

Sasa nikukaripie, kwa sababu umeniita nikusaidie wala hukuniita nikubembeleze.

Ungekuwa hukujua ningekuonea huruma zaidi. Lakini mkono wako ulikuambia, ukaukatalia. Mashine ikakuambia kwa maandishi, ukafuta, na mara ya pili ukafuta tena. Kufuta taa si kutengeneza gari, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Mtu akakuuliza swali la haki kabisa, "Nizime na mgonjwa ndani?" ukamjibu kwa cheo. Wale wanaume waliokucheka mlangoni walikuwa wajinga, sikatai. Lakini siku ile hawakuwa kwenye ile simu. Ulikuwa wewe na Mwinyimvua tu, na uliogopa kicheko cha watu ambao hawakuwepo.

Hapo ndipo kosa lako linapoanza, na hapo ndipo linapoishia. Unasema ungemwambia aendelee angefika, na mtoto angeishi. Wewe hujui hilo. Mimi sijui. Nilimuuliza mkunga mmoja mstaafu, kazalisha miaka thelathini, akaniambia mama aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri na alasiri bado yuko njiani, mtoto anaweza kuwa alikuwa amekwisha kuchoka kabla gari halijasimama, na anaweza kuwa alikuwa mzima kabisa. Masaa mawili yale yalikuwa na uzito, nisikudanganye. Lakini usijipe hukumu ambayo hata waliokuwa wodini hawawezi kuitoa. Sema ulilolifanya. Usiseme zaidi, usiseme pungufu.

Kuhusu gari. Hiyo tepu unayoifikiria, itoe kichwani. Niliongea na fundi wa Dar ambaye kazi yake ni haibridi tupu, nikamsomea barua yako bila jina. Akasema, "Mwambie asiichomoe ile skrubu kwa mkono wake." Umeme wa ile betri kubwa ni volti mia mbili na zaidi, na gari likizimwa betri haizimiki. Ukichomoa vibaya, au maji yakiingia, au mtu akiegemea pale na mkono umelowa, utamzika mwingine. Hata waya ule hauzungushiwi tepu, unabadilishwa wote. Basi ufunguo wa gari uweke ndani ya nyumba mbali na gari, kwa sababu haya magari yanaweza kuwa yamewaka na yakakaa kimya kama yamezimwa. Usilioshe, usilivute tena magurudumu yakiwa chini, weka kamba kulizunguka watoto wa jirani wasipande. Kisha mlete fundi aliyesomea. Nimekutumia namba yake kwenye simu, amekubali kuja Kibiti. Atavaa glavu zake za umeme mkubwa, atachomoa ile plagi ya usalama ya betri kubwa, atangoja dakika zinazotakiwa umeme uliobaki uishe, atapima kwa mita ndipo aguse. Wewe simama mbali utazame. Gharama yake ni juu yako yote, na Mwinyimvua asichangie hata soda ya fundi.

Nilimuuliza pia jinsi inavyofungwa sawasawa, kwa ajili yako na kwa ajili ya mafundi wengine wanaosoma ukurasa huu na wanajiona wajanja. Akasema kwenye haibridi kutoboa ni jambo la mwisho kabisa, na hutoboi kabla hujalala chini ya gari ukaona kwa macho kila kinachopita, na kitabu cha gari hilo kiko mkononi. Vitu vikazwe kwenye matundu na bolti ambazo gari limezaliwa nazo. Umeme wa taa, inveta au redio unatoka upande wa betri ndogo peke yake, waya uwe wa unene unaotosha, fyuzi ikae karibu na betri, na mzigo usizidi uwezo wa kile kifaa kinachoichaji betri ndogo, la sivyo ikiisha gari zima linakuwa jiwe. Na akanisisitizia jambo moja ambalo sikulijua: kwenye magari mengi ya aina hii betri kubwa inapumua kwa tundu lenye feni kando ya kiti cha nyuma. Ukiweka spika au kisanduku mbele ya tundu hilo, unaipika betri. Taa ikiwaka, unasoma, unatafuta sababu, ukishindwa unasema umeshindwa. Na dereva aliye njiani na mgonjwa, gari bado linakwenda, humwambii azime kwa simu. Unamwambia aite gari jingine limfuate wakati yeye anaendelea taratibu, na kama kuna moshi au harufu ya kuungua, hapo ndipo anasimama na kuwashusha watu wote. Wewe hukumuuliza kama kuna moshi. Hukumuuliza kitu.

Sasa watu.

Jumamosi Mwinyimvua asikukute unamsubiri gereji na maneno mazuri. Nenda wewe kwake, kesho asubuhi na mapema kabla hajatoka, na Zuena pembeni yako. Mwonyeshe picha ya ile skrubu. Mwambie: niliisikia nikaikaza, nilisoma nikafuta, nikakwambia uzime. Maneno hayo matatu, kwa mpangilio huo, kisha nyamaza. Akikutukana, umelipata unalostahili. Akilia, usilie kumzidi. Akikuambia "bahati mbaya, dada," kama ninavyomdhania huyo mtu, usikubali. Lirudishe kosa lako mkononi mwako mwenyewe.

Halafu Mkongo. Usiende peke yako, na usiende kuingia tu uani kwa watu waliofiwa. Pitia kwa mwenyekiti wa kijiji au imamu, mweleze, aende mbele yako azungumze na Khamisi, na muda wautaje wao. Sikuahidi kwamba watakupokea. Khamisi akitaka polisi, ni haki yake, nenda naye, ueleze ulivyoeleza hapa, na tafuta kwanza mtu wa msaada wa sheria, wapo wanaosaidia bila malipo. Kutakuwa na maneno makali na huenda ukafunga gereji kwa muda. Bi. Mwanamina aliyekushika mkono mkekani anaweza asikushike tena maisha yake yote. Sina dawa ya hilo, mwanangu, na yeyote atakayekuuzia dawa ya hilo anakuibia.

Umeuliza pia kuhusu mabinti wa Kibiti, kwamba wataambiwa "unamkumbuka yule?" Wataambiwa, ndiyo. Uongo wako hautawazuia watu kusema, utachelewesha tu. Wale mabinti walikuja kuona mwanamke anavyoshika bisibisi. Waone pia anavyosema alipokosea, kwa sababu katika gereji zote mlizo nazo huko hakuna mwanamume aliyewahi kuwaonyesha hilo. Na ukirudi kazini, siku yoyote utakayorudi, haibridi usiiguse mpaka umesomea. Mteja akija nayo, mwambie hujui, mwelekeze kwa anayejua.

Usiende Mkongo kutafuta kusamehewa. Unaweza usisamehewe, na hilo wanaamua wao. Nenda kwa sababu leo hii, unaposoma gazeti hili, kuna mzee mpole amejifungia nyumbani kwake anaamini kwamba ameua mtoto wa jirani, kijiji kizima kinaamini hivyo hivyo, na wewe peke yako ndiye unayejua kwamba si yeye. Kila siku unayokaa kimya unamfunga tena. Anza na simu ya Zuena, kisha kamata njia.

Bi. Nasra